Juisi ya Etaji Nne

Rumonge, 12 Novemba 2023

Mutoto wangu Aksanti,

Amahoro yakufikie huko Ngozi kwenye baridi. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Baba yako Mulamba anakusalimu. Ziwani haendi tena, vile unajua. Sasa anakwenda Kizuka kukamulia watu mafuta ya mawese, anarudi jioni miguu nyekundu kama ya bata, na mimi nagombana naye asikanyage mukeka. Mafua iliniingia, ikatoka. Jirani yetu Asma ameweka bati mupya, na mvua ikinyesha anatoka nje kuangalia kama tunasikia namna bati lake linalia.

Huyo Asma aliniambia juzi kwenye robine tukichota maji, mbele ya wanawake wote: "Cibalonza, mimi nilioza binti yangu, watu wakala pilau. Wewe wako umemuoza kwa Mungu, na pilau iko wapi?" Wakacheka. Nikamujibu kwamba bado, nadhiri ya kwanza ni mwezi wa munane, na Mungu hana haraka kama wakwe zake. Wakacheka tena. Lakini lile neno nilirudi nalo paka nyumbani.

Aksanti, mimi masomo yangu yaliishia mwaka wa tano, siwezi kuzungusha maneno. Uliondoka hapa kabla mwaka haujaisha tangu yaya yako Exaucé, mutoto wangu wa kwanza, abaki ndani ya maji ya ziwa pale Magara. Ulikuwa hucheki. Hukukanyaga tena hata mchanga wa pwani, ukitaka kwenda sokoni unazunguka kwa juu. Halafu siku moja ukasema unataka kuwa sista, na sisi tulikuwa wagonjwa wa huzuni, tukasema ndiyo. Sasa kuna kitu kimoja nataka kujua: kama moyo wako umefika huko pamoja na miguu. Sikuulizi, juu najua barua zenu zinapita kwanza kwa Mama Mlezi wa wanovisi, ninyi munaojifunza usista. Mama, kama ni wewe unasoma, amahoro kwako pia, usikasirike.

Basi niambie hata vitu vidogo. Unakula nini? Unajifunika?

Mama yako,
Cibalonza


Ngozi, 3 Desemba 2023

Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako ilifika kwa mkono wa padri wa parokia yetu ya Rumonge, imekunjwa kama sambusa, nikafurahi sana. Mimi ni mzima. Ninajifunika blanketi mbili. Msalimie Baba, na umwambie Mama Asma kwamba bati linalolia sana ni lile ambalo halikupigwa misumari ya kutosha.

Unauliza ninakula nini. Nimewekwa jikoni, Mama, pamoja na Sista Dusabe. Ni mzee wa huku milimani, mfupi, anaongea na sufuria kama mtu anavyoongea na wajukuu. Jumapili ya Kristu Mfalme alinionyesha kitu ambacho sijawahi kukiona, nami nataka ukione hata kwa maneno. Ni juisi ya etaji. Gilasi moja, matunda manne, na kila tunda limekaa pake kama nyumba yenye gorofa. Hakuna linaloshuka kwa mwenzake.

Anafanya hivi. Chini anaweka avoka, imepondwa mpaka inakuwa nzito na laini, na sukari, maana ya chini ndiyo inabeba uzito wote. Juu yake embe, iliyochujwa nyuzi. Juu ya embe ndizi tamu iliyopondwa na maziwa ya mgando, hiyo inakuwa nyeupe. Kila etaji anaiacha itulie kabla ya kuleta nyingine, ukiharakisha unapata tope. Na juu kabisa anaweka ile nyekundu, nyepesi kuliko zote. Hiyo haimwagwi. Anageuza kijiko mgongo juu, anakiegemeza kwenye ukuta wa gilasi, anamimina juu ya mgongo wa kijiko taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga kichwa. Vyote viwe vya baridi. Halafu anaondoa mkono, na gilasi inasimama mbele yako kijani, njano, nyeupe, nyekundu. Mara ya kwanza nilishindwa kunywa. Nilikaa nikiangalia tu, mpaka Sista Dusabe akasema, "Mwanangu, hiyo si sanamu, kunywa."

Nimejaza karatasi. Noeli njema.

Mtoto wako,
Aksanti


Rumonge, 7 Januari 2024

Mutoto wangu Aksanti,

Mwaka mupya ukukute muzima. Hapa Noeli ilipita vizuri, tulikula samaki mukeke na wali, baba yako aliimba kanisani paka sauti ikakauka. Binti ya Asma amezaa, mutoto muke, wamemuita Kaoutar, na ana nywele nyingi kama mutu mukubwa.

Barua yako nimeisoma paka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Nikageuza mbele, nikageuza nyuma. Yote ni juisi. Wewe mwenyewe huko ndani sikukuona. Nikasema basi, kama mutoto wangu amejificha ndani ya gilasi, na mimi nitaitengeneza hiyo gilasi nimutafute.

Mikseri sina, nikaponda na kinu, nikachuja na chujio ya chai. Umeandika vyote viwe vya baridi. Baridi ya Rumonge iko wapi, mutoto wangu? Nikashuka pwani kwa wale wafanyabiashara wanaopakia mukeke, wakanipa kipande cha barafu, nikazungushia matunda. Nikajenga etaji zangu haraka haraka juu wageni wa Noeli walikuwa wameshakaa. Tope. Rangi ya maji ya Januari kwenye mutaro. Baba yako akanusa, akasema: "Hii juisi ilikuwa na ndugu zake ndani ya ziwa." Kweli ilinukia mukeke. Tukaimwaga.

Mara ya pili niliosha kwanza ile barafu, na nikatulia. Avoka ikakaa. Embe ikakaa. Ndizi ikakaa, nyeupe. Nikawa na furaha kweli. Sasa nikafika kwa ile nyekundu. Umeandika "ile nyekundu, nyepesi kuliko zote." Hukuandika ni tunda gani. Nikawaza. Nikamuuliza baba yako, yeye mutu wa Kizuka: kitu gani ni nyekundu, na ukikimimina juu ya kitu chochote hakizami? Hakusita hata kidogo. Akasema: "Mawese."

Na mimi nikaona ni sawa kabisa.

Aksanti, ilisimama! Nilimimina juu ya mugongo wa kijiko vile ulisema, ikatanda juu ya ile nyeupe, nyekundu ya jua, haikutikisika. Baba yako akavua kofia. Tukamuita Asma aje kuona vile watoto wa Mungu wanakunywa huko Ngozi. Akakaa, akasema bismillahi, akanywa kwa heshima, funda kubwa. Akaliweka shavuni. Mudomo wote unang'aa. Halafu akaniangalia, akasema: "Mama Aksanti, nimeze, ama unaniletea na samaki nikaangie?"

Niambie ile nyekundu ni nini. Na niambie lingine lile, ambalo sikuulizi.

Mama yako


Ngozi, 4 Februari 2024

Mama,

Tumsifu Yesu Kristu. Niko mzima, wote wazima.

Mama, mawese! Barua yako nilipewa wakati wa chakula cha mchana, na chakula cha mchana kwetu ni kimya. Mmoja anasoma maisha ya watakatifu, wengine wanakula. Nikasema nitaangalia mistari miwili tu chini ya meza. Nikafika pale kwa Mama Asma na mdomo unaong'aa. Nilijaribu kuziba na kitambaa. Kicheko kikatoka puani pamoja na maharage. Aliyekuwa anasoma akasimama katikati ya mtakatifu. Mama Mlezi akasema, "Novisi Aksanti, nje." Nikatoka nikacheka kwenye uwanja peke yangu, nimeshika mti, mpaka mbavu zikauma. Adhabu yangu ni kusugua masufuria yote makubwa wiki nzima, na Sista Dusabe anayasugua pamoja nami bila kuulizwa, kila mara anasema "mawese!" tunaanza tena.

Sikujua kwamba bado nina kicheko cha namna hiyo. Tangu yaya... Basi, niache hilo.

Ile nyekundu ni kinyomoro, Mama. Huku milimani kila nyumba ina mti wake, ndiyo maana sikufikiri kukiandika. Kinafanana na yai jekundu, ndani kina mbegu nyeusi. Unakichovya kwenye maji ya moto, unakimenya, unaponda, unachuja vizuri ibaki maji yake tu. Padri anashuka Rumonge kesho, nimempa mfuko.

Kwaresima iko karibu kuanza. Hatuandiki wala kupokea barua mpaka Pasaka ipite. Usihangaike.

Aksanti


Rumonge, 14 Aprili 2024

Mutoto wangu,

Kristu amefufuka. Sisi wazima. Ziwa limepanda tena mwaka huu, maji yamefika kwenye choo cha Asma, na yeye anasema angalau sasa anakwenda choo kwa mutumbwi. Baba yako mugongo unamuuma lakini anafanya kazi.

Kwaresima yote nilikuwa na maneno kwenye kifua na hakuna pa kuyatia. Sasa nayatia.

Mufuko wako wa binyomoro ulifika. Nilitengeneza ile juisi Jumanne ile kabla ya Jumatano ya majivu, na embe za mwisho za mwaka. Nilifunga mulango. Sikuita mutu. Nikachuja ile nyekundu mara na mara, paka ikawa safi kama kioo cha kanisa. Nikageuza kijiko. Nikamimina tone kwa tone.

Aksanti, sijui niandike namna gani. Mimi nimeponda vitu maisha yangu yote. Nimeponda majani ya sombe, nimeponda pilipili, na kwangu kuponda ni kuchanganya, ukimaliza huwezi kujua nini ilikuwa nini. Na pale mezani kuna matunda ine yamepondwa vibaya sana, yamekufa kabisa, halafu yakasimama, kila moja na rangi yake, hakuna limemeza mwenzake. Jua la dirishani likapita ndani. Ukutani kukawa na kivuli chenye rangi. Nilikuwa sijui kivuli kinaweza kuwa na rangi. Nikapiga magoti, Aksanti, sikuomba kitu, nikaangalia tu.

Baba yako akaingia na miguu yake ya mawese. Sikumukataza mukeka. Akasimama akaangalia. Halafu akasema: "Exaucé angeuliza kama inauzwa." Unasikia? Tangu siku ile ya Magara hajataja jina hilo ndani ya nyumba hii. Akakaa chini, akaanza kumuongelea. Namna alikuwa anajifanya anajua bei ya kila kitu. Namna alikuwa anaimba kwa Kilingala bila kujua neno hata moja. Tulikunywa ile gilasi kwa zamu, tukilia, na ilikuwa tamu paka unaogopa.

Sasa sitazunguka tena. Mama Mlezi, samahani, soma tu. Aksanti, uliitwa, ama ulikimbia? Kama uliitwa, nitakuja mwezi wa munane na kitenge kipya. Kama ulikimbia, mulango wetu unaujua, unafunguka kwa kusukuma. Hakuna mutu hapa atakuuliza kitu. Asma nitamuziba mudomo mimi mwenyewe.

Nijibu.

Mama yako Cibalonza


Rumonge, 16 Juni 2024

Aksanti,

Amahoro. Hapa tuko. Barua yako haijakuja. Nimekwenda parokia paka padri akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua kinywa. Anasema uko muzima, amekuona unapanga viti. Kupanga viti si jibu.

Labda nimekuharibia. Labda wamekasirika. Baba yako anasema niliandika kama mutu anayegonga mulango na jiwe. Kama ni hivyo, iandike hata kwa neno moja, "nyamaza," nitanyamaza. Lakini usiniache na karatasi nyeupe.

Nakutumia sabuni na samaki kavu, ndagala za kule Gitaza. Ugawe na Sista Dusabe.

Mama


Ngozi, 7 Julai 2024

Mama yangu,

Amani kwako na kwa Baba. Ndagala zilifika, Sista Dusabe alizikaanga na vitunguu, sasa nyumba nzima inauliza mama huyo atatuma lini tena.

Hakuna aliyekasirika. Mama Mlezi aliniita, akanipa barua yako mwenyewe, akasema: "Hili swali nimekuwa nikilitafutia maneno mwaka mzima, na mama yako ameliandika kwa mstari mmoja. Usilijibu haraka." Basi sikuharakisha. Nisamehe kwa siku ulizokwenda parokia bure.

Nilikimbia, Mama. Unajua. Nilikuwa siwezi kusikia maji. Nilikuwa siwezi kukuangalia wewe, maana una macho yake. Niliposikia kuna nyumba ya masista mbali, juu, mahali ambapo ziwa halionekani hata ukipanda mlima mrefu, sikuuliza kitu kingine. Nilisema ni Mungu. Lilikuwa ziwa.

Lakini ngoja, usifungue mlango bado. Siku ya Pentekoste nilikuwa natengeneza gilasi za wageni, peke yangu, Sista Dusabe alikuwa anaumwa. Nilikuwa kwenye etaji ya juu, ile ngumu. Na katikati ya kumimina nikagundua kwamba namfikiria yaya Exaucé. Si vile walivyomtafuta. Yeye mwenyewe, akibishana na Baba kuhusu nyavu. Nilikuwa namfikiria, na mkono wangu ukaendelea kumimina taratibu. Nyekundu ikatanda juu ya nyeupe. Nikasimama pale na kijiko, Mama, nikaogopa, namna ile mtu anavyoogopa akiingia chumba na kukuta kuna mtu ndani kimya anamngojea kwa wema. Sijui kukuandikia zaidi ya hapo. Safari hii halikuwa ziwa. Alikuwepo.

Sasa sijui lipi ni lipi. Aliyekuja mbio hawezi kujua kama anakaa kwa kupenda, mpaka apewe njia ya kurudi. Nikamwambia Mama Mlezi hivyo. Amekubali nije nyumbani kabla ya nadhiri. Ninakuja na begi langu lote, siachi kitu huku. Naomba unipeleke Magara. Ninataka kwenda mpaka majini. Na baada ya hapo, Mama, naomba usiniulize. Uniangalie tu.

Aksanti


Rumonge, 25 Agosti 2024

Kwa Sista Aksanti,

Nimeandika hilo jina kwanza kwenye karatasi ya kiberiti kujaribu. Bado mukono haujalizoea.

Tumefika salama. Baba yako alilala kwenye basi toka Ngozi paka Bujumbura, kinywa wazi. Asma alikuja kutupokea, anataka kujua chakula kilikuwaje. Nikamwambia wali, nyama, na gilasi za etaji kwa kila mugeni. Sikumwambia kwamba Sista Dusabe alinitafuta kati ya watu wote akiuliza kwa sauti, "Mama wa mawese ni nani?" Nilinyoosha mukono kama mutoto wa shule. Akanikumbatia, kichwa chake kikafika hapa kwenye kifua. Nikaona mikono iliyokushika huko juu, nikaishika na yangu.

Nakuandikia juu kuna mambo mawili hukuyaona. Ulikuwa umetupa mugongo kwenye yote mawili.

Moja ni Magara. Ulisema nisikuulize, nikakaa kwenye mawe na viatu vyako mapajani. Wewe ukashuka. Ulikwenda polepole paka wanawake waliokuwa wanaanika ndagala wakaacha kazi. Maji yakashika magoti, yakashika gauni, na mimi ndani yangu nilikuwa napiga kelele, lakini kinywa nimekifunga. Ukaita jina lake. Kwa nguvu, kama unamuita aje kula. Halafu mwanamuke mumoja akakupigia kelele: "Ee dada! Hapa samaki hawashikwi kwa gauni!" Na mabega yako yakaanza kutikisika. Nikasimama, nilifikiri unalia. Ukageuka, ulikuwa unacheka, uso wote maji. Aksanti, nilikuzaa mimi, nilikuosha, nilikunyoa nywele za kwanza. Mutu yule aliyegeuka sikumujua. Nilitaka kumusalimia kwa heshima.

Siku zilizofuata ulipika, ulifagia, ulimubeba Kaoutar, mujukuu wa Asma. Kila asubuhi nilikuwa naangalia begi lako pale kwenye kona. Siku moja nikaamka nikalikuta limefungwa kwa safari ya Ngozi. Nikakuangalia tu, vile uliomba. Chai niliyokupa nilitia chumvi pahali pa sukari, na ulimaliza kikombe.

La pili ni kanisani. Ulikuwa umepiga magoti mbele, hukutuona. Mama Mlezi alikuwa ametufundisha toka asubuhi: padri atauliza, "Wazazi, munamutoa mutoto wenu?" na sisi tujibu, "Tunamutoa." Neno moja tu. Baba yako alikuwa amelirudia kwenye choo, nilimusikia. Padri akauliza. Baba yako akafungua kinywa, hakuna kitu. Watu wanangoja. Kwaya inangoja. Nikamupiga kiwiko, hakuna kitu, machozi tu.

Basi nikasimama mimi. Na ile "tunamutoa" nayo ilinikatalia, juu ilikuwa ni uongo. Mutu anatoa kitu chake. Ulisikia sauti yangu, najua, nilikuona shingo ikikaza. Lakini hukuona kwamba nilikuwa nimesimama wima, sikushika kiti. Nikasema: "Padri, sisi hatumutoi. Anakwenda mwenyewe. Tumekuja kumusindikiza."

Nikafikiri nimeharibu misa. Padri akaangalia kitabu chake, kitabuni hakuna jibu la namna hiyo. Halafu akakifunga, akasema, "Amina." Wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele, na baba yako akanishika mukono mbele ya watu wote, kitu hajafanya tangu tuoane, akaushikilia paka mwisho.

Kaa na amani pahali ulipochagua.

Ni mimi niliyekusindikiza,
mama yako Cibalonza